Ndani ya Tangi la Ndege, na Damu Niliyopewa

Aliyegundua kwanza kwamba ninaumwa hakuwa mimi. Alikuwa Koplo Haule, fundi mwenzangu kwenye banda la ndege. Asubuhi ile nilikuwa nimekaa kwenye ngazi ya bawa, nimekunja ovaroli ili nifunge viatu. Akanitazama miguu, akauliza, "Perusi, nani amekupiga?"

"Hakuna aliyenipiga."

"Na hayo ni nini?"

Nikaangalia. Kuanzia gotini kushuka hadi kwenye kifundo, miguu yangu ilikuwa na alama za kuvilia damu, nyingine nyeusi, nyingine za zambarau. Nikamwambia nimejigonga. Haikuwa uongo, maana kila fundi alijigonga kwenye kazi ile. Lakini wenzangu walijigonga na asubuhi yake wamesahau.

Ninaandika haya kwa ajili ya mtu ambaye leo amekaa kwenye benchi la hospitali, ameambiwa damu yake haitoshi, na hajui kesho itakuwaje. Elimu ya udaktari sina, kwa hiyo sitamfundisha. Nitamweleza tu nilivyoishi.

Nilizaliwa upande wa Majita, kwenye rasi, ambako baba alikuwa mvuvi na mama akilima muhogo. Nilipomaliza shule niliingia jeshini, nikapelekwa kozi ya ufundi wa ndege. Nyumbani walijivuna sana. Mama aliwaambia wanawake wenzake kanisani kwamba mwanawe anatengeneza ndege za vita, nao wakadhani nashinda angani.

Kumbe kazi yenyewe kwa sehemu kubwa ilikuwa ya kuchosha akili. Unafungua vifuniko, skrubu baada ya skrubu, unasafisha chujio, unafunga tena. Nati ikishakazwa lazima ifungwe kwa waya ili isilegee ndege ikiwa juu. Unausokota ule waya kwa plaisi, ncha zake zinakuchoma vidole, kisha sajenti anakuja, anainama, anasema umesokota upande usiofaa. Unakata, unaanza upya. Jioni tunahesabu vifaa. Bisibisi moja ikikosekana hakuna anayekwenda kula, kwa sababu bisibisi iliyosahaulika ndani ya ndege inaweza kumuua rubani. Tuliwahi kutambaa chini ya ndege mpaka magoti yakachubuka, kumbe inayotafutwa imeingia kwenye buti la mwenzetu.

Hayo yote niliyapenda hata hivyo. Kazi ambayo sikuipenda ilikuwa ya matangi.

Mafuta ya ndege zetu yalikaa ndani ya bawa. Tangi likivuja, lazima mtu aingie humo kupitia tundu dogo, akwangue gundi ya zamani kwenye maungio, asugue kwa matambara yaliyolowa dawa kali ya kuyeyushia, ndipo gundi mpya ipakwe. Wanaume wengi mabega yao hayakupita kwenye tundu lile. Mimi nilikuwa mwembamba, nikapita, basi ikawa kazi yangu. Nilikuwaga nalala chali gizani na tochi, pua inakaribia kugusa bati, matone ya ile dawa yananidondokea shingoni na kuteremka kwapani. Haule anakaa nje kwenye tundu. Kila baada ya muda anagonga bawa, nami nagonga kumjibu. Nikichelewa kujibu ananivuta miguu.

Tulipaswa kuvaa maski na glovu, na hewa safi ipulizwe ndani. Lakini ile ilikuwa miaka ya shida. Nchi nzima watu walipanga foleni ya sukari na sabuni, na kambi yetu ilikuwa ndani ya nchi hiyo hiyo. Maski zilikuwepo, vichujio vyake vimekufa. Glovu zilitoboka tukaziziba kwa gundi ya matangi. Mashine ya kupuliza hewa ilikuwa inasubiri kipuri kutoka nje. Na kwa kuwa sabuni ilikuwa adimu, jioni tulinawa kwa ile ile dawa ya kuyeyushia. Iliondoa grisi vizuri kuliko sabuni, tena ilipoza ngozi. Umetoka juani, unasikia raha. Nilinawa mpaka kwenye viwiko. Hakuna aliyetaka kuniumiza. Sajenti mwenyewe alinawa hivyo hivyo.

Nilikuwa nikitoka ndani ya tangi kichwa chepesi, nayumba kama mtu aliyetoka kilabuni. Wenzangu wanacheka, nami nacheka. Kisha kichwa kinauma hadi kesho yake.

Baada ya zile alama za miguuni, fizi zikaanza kutoa damu kila nikipiga mswaki. Halafu ngazi ya bawa ikawa mlima. Napanda kidogo, nasimama, moyo unadunda hadi masikioni. Halafu siku zangu za mwezi zilikuja zikakataa kwenda. Hili sitalificha, maana najua yuko mwanamke atakayesoma hapa ambaye naye anaona aibu kulisema. Pamba madukani hakuna, kanga hakuna. Nilichana shuka la jeshi, vipande kwa vipande, nikawa navifua alfajiri kabla wenzangu hawajaamka na kuvianika chini ya godoro.

Zahanati ya kambi walinipa dawa ya malaria, wakanipa vidonge vya kuongeza damu, mwisho wakanipa ruhusa ya kwenda nyumbani kujiuguza. Haule alinibebea begi hadi barabarani, akasimamisha basi.

"Rudi mapema," alisema. "Mimi sipiti kwenye lile tundu."

Mume wangu, Magesa, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi Nyamuswa, anaishi kwenye chumba kimoja cha nyumba ya walimu. Binti yetu Neema, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anang'oka meno ya utoto, alilelewa na mama yake Magesa pale Kabasa, Bunda. Ndiko nilikofikia.

Mama mkwe alinipokea vizuri, akachinja kuku. Alikuwa mwanamke mrefu, wa maneno machache, mjane aliyekuwa amelea watoto wake kwa pamba na mtama. Lakini maneno hayakuchelewa kufika pale nyumbani. Miaka ile ukimwi ulikuwa umeanza kusikika kutoka ng'ambo ya ziwa, na mtu akikonda tu ameshahukumiwa. Mimi sikuwa nimekonda tu. Nilikuwa nimepauka, viganja vyangu vyeupe kama vya mtu aliyeshinda anafua. Tena nilikuwa mwanamke askari, niliyekaa kambini na wanaume, mbali na mume wangu.

Siku moja nikaona bakuli langu na kikombe changu vimewekwa peke yake dirishani. Neema akija kulala nami, anaitwa: "Njoo huku, mjukuu wangu. Mama yako anahitaji kupumzika." Mama mkwe alilisema kwa upole, na ule upole uliniuma kuliko ambavyo matusi yangeniuma.

Magesa alikuja Jumamosi kwa baiskeli. Akaingia, akanisalimia, akaona bakuli dirishani. Chakula kilipoletwa alilichukua bakuli lile, akajipakulia ugali humo humo, akala mbele ya mama yake mpaka likawa tupu. Mama mkwe alitazama chini.

Kesho yake asubuhi alinipeleka Musoma.

Musoma nilikuwa na kaka yangu, Mafuru, aliyekaa Nyasho na kuuza samaki. Mke wake alibaki kijijini kulima, kwa hiyo nyumba ilikuwa ya mwanaume peke yake, inanuka sato wa kukaangwa. Alinitazama mara moja tu, akaenda kuleta godoro lake akalitandika kwenye chumba chenye dirisha.

"Mdogo wangu, wewe utalala hapa," alisema. "Mimi nalala sebuleni. Huko kuna upepo, ni pazuri zaidi."

Sebuleni hakukuwa na dirisha.

Benchi la hospitali lina desturi zake. Unakaa mwisho, watu wanasogea, unasogea, na kabla hujafika kwa daktari umeshajua maisha ya wote walio kushoto na kulia kwako. Mama mmoja alinilalia begani akasinzia, nikamwacha, kwa sababu ilikuwa muda mrefu mtu hajaniegemea bila kuogopa.

Daktari alikuwa mtu mzima mwenye sauti ndogo. Alinipima, akatazama kope zangu kwa ndani, akatazama miguu. Kisha akaweka kalamu mezani.

"Kazi yako ni nini?"

"Askari."

"Askari wengi nawafahamu, hawana miguu hii. Unafanya nini ukiwa kazini? Mikono inashika nini, pua inanusa nini?"

Nikamweleza tangi, matambara, ile dawa. Nikamweleza tunavyonawa. Alinisikiliza hadi mwisho bila kunikatisha.

"Mama Neema," alisema, "nadhani ile dawa imeingia mwilini mwako ikalaza mahali damu inapotengenezwa. Lazima twende tukahakikishe Mwanza. Lakini huwezi kusafiri hivi. Leo hii unahitaji damu. Una ndugu?"

Mafuru alikuwa amesimama mlangoni, bado na magamba ya samaki kwenye viatu. "Mimi hapa," alisema.

Chupa ya kwanza ilikuwa ya Mafuru. Ilining'inia kwenye stendi ya chuma, nyeusi kuliko nilivyodhani damu ya mtu inaweza kuwa, na ilikuwa baridi. Niliisikia baridi hiyo ikipanda mkononi. Jioni nikaomba chakula. Nilikuwa nimesahau njaa ikoje. Mafuru aliniletea mchuzi wa samaki, akakaa kitandani kwangu akinitazama ninavyokula, kiwiko chake kimefungwa pamba, amefurahi kuliko mimi.

Tulisafiri Mwanza kwa meli, mimi na Magesa. Kule walinichoma sindano kwenye mfupa wa nyonga ili watoe uboho, ile nyama laini ya ndani ya mfupa inayotengeneza damu. Sitasema haiumi. Magesa alinishika kichwa kwa mikono yote miwili akanisimulia habari za wanafunzi wake, mmoja mmoja, nani mtoro na nani anapenda hesabu, mpaka daktari aliposema tumemaliza. Mpaka leo najua majina ya darasa lile zima.

Majibu alisomewa Magesa nikiwepo. Ukimwi sina. Uboho wangu umelala. Daktari wa kule alituambia kwa lugha ya watu: "Shamba la damu limeacha kuota. Linaweza kuamka, linaweza lisiamke. Kazi yenu ni kumtunza abaki hai wakati tunasubiri. Na ile dawa asiiguse tena maisha yake yote."

Tukiwa melini kurudi, Magesa alilia. Alijifunika uso kwa koti akajifanya amelala, lakini nilimwona mabega. Nikalaza kichwa changu mgongoni kwake. Tulikaa hivyo mpaka Musoma ikaonekana.

Kuanzia hapo sikuhesabu tena miezi kama watu wengine. Kulikuwa na kipindi cha chupa ya Magesa, wakati wa kupalilia. Kulikuwa na chupa ya mwalimu mkuu wa Nyamuswa, mvua za kwanza. Chupa ya mchungaji wetu, siku chache kabla ya Krismasi. Kila chupa ilinipa wiki kadhaa za kutembea, kisha naanza tena kusikia masikio yanavuma na ngazi za kibaraza zinakuwa ndefu, na Mafuru anatoka kutafuta mtu. Wengine walikubali papo hapo. Binamu yetu mmoja aliahidi, siku ilipofika akapata msiba ambao hatukuusikia tena. Sikumlaumu. Watu waliamini ukitoa damu nguvu zako zinaenda na aliyepewa, na sindano ni sindano.

Magesa alikuja kila mwisho wa wiki kwa baiskeli. Ijumaa akitoka darasani alikwenda kulala Butiama kwa shangazi yake, Jumamosi asubuhi akafika Nyasho na chupa ya maziwa aliyopewa na shangazi, ameifunga kwenye kanga isichachuke juani.

Nilipewa vidonge. Vya kwanza vilinivimbisha uso, ukawa wa mviringo, watu wakaniambia nimenenepa, hongera. Vingine, vya kuamsha uboho, vilikuwa na mambo ya wanaume ndani yake. Sauti yangu ikazama. Nikaanza kuota ndevu kidevuni. Nimelia kwa mambo mengi katika ugonjwa ule, lakini siku niliyogusa kidevu changu nikasikia ndevu nililia kuliko siku ya sindano ya Mwanza. Wembe nilikatazwa, maana nikijikata damu haitakatika. Basi kila Jumamosi Magesa alinikalisha kibarazani kwenye mwanga, akashika kidevu changu kwa vidole viwili, akazipunguza kwa mkasi mdogo, polepole, ameuma ulimi kama mtoto anayejifunza kuandika.

Neema aliletwa kuniona. Nilipomwita jina lake alirudi nyuma.

"Mama, hiyo sauti umeitoa wapi?"

Magesa akasema, "Ameazimwa na mjomba Mafuru. Yeye anayo nyingi, si unamsikiaga akiuza samaki?"

Neema akafikiri. Kisha akaja akapanda mapajani kwangu akaweka sikio kifuani. "Sema tena," aliniambia. "Inatetemeka humu ndani."

Pamba ilipoanza kuchumwa Bunda, Haule alikuja. Alikuwa likizo, akapita Musoma kunitazama. Alinikuta uso umevimba, sauti ya kiume, akasimama mlangoni akidhani amekosea nyumba. Kisha akacheka, mimi nikacheka, na kwa muda tukawa tena mafundi wawili. Akanieleza kwamba sajenti sasa anakataza kunawa kwa ile dawa, na kwamba mashine ya hewa imepata kipuri, vitu vimeanza kuingia nchini. Matangi yanaingiwa kwa zamu.

"Nani anapita kwenye tundu?"

"Tunajibana. Hata mimi nimejifunza kupita."

Kesho yake akasema anataka kunitolea damu. Tulikwenda naye hospitali, mimi nikakaa kwenye benchi, yeye akaingia. Alikaa sana. Alipotoka alikuwa na karatasi mkononi na uso wa mtu aliyeambiwa jambo kwa lugha asiyoijua.

"Wamekataa," alisema. "Wamesema damu yangu mwenyewe haitoshi."

Nilimshika mkono nikamkunja shati. Juu ya kiwiko, kwa ndani, alikuwa na alama moja ya zambarau, ndogo tu. Daktari wangu alimwita ndani, akamweleza, akamwandikia kwa wakubwa wake ahamishwe kazi ile. Akahamishiwa stoo ya vipuri. Ilichukua muda, lakini damu yake ilirudi bila chupa hata moja. Hakuwahi kunipa damu Haule, lakini sijawahi kuacha kushukuru kwamba alikuja kujaribu.

Mama mkwe alikuja wiki iliyofuata. Hakutuma habari. Aliteremka kwenye basi la Bunda na furushi la mtama, jogoo amefungwa miguu, na jembe. Mafuru alimuuliza jembe la nini, naye akasema hajui atakaa muda gani, na hawezi kukaa mahali bila kulima kitu.

Mimi wakati ule nilikuwa katika kipindi kibaya. Damu ya chini ilikuwa imerudi kwa nguvu, na vitambaa vyangu vilijaa kwenye ndoo chini ya kitanda. Mafuru nilimficha, kaka yako hawezi kuona vitu hivyo. Nilikuwa nangoja nipate nguvu za kuvifua, nguvu hazikuja. Mama mkwe aliingia chumbani, akasikia harufu, akainama, akavuta ndoo.

"Mama, acha," nilimwambia. "Hiyo siyo kazi yako."

Kwetu mama mkwe hagusi vitu hivyo. Hata mama aliyekuzaa anavigusa kwa siri.

Aliibeba ndoo. Nilidhani anakwenda nyuma ya nyumba, penye faragha, lakini alipita mlango wa mbele, akaenda hadi bombani, pale ambapo nusu ya mtaa wa Nyasho ilikuwa inateka maji. Nilijikokota hadi mlangoni. Nilimwona anakunja kanga, anachuchumaa, anatoa kitambaa kimoja, anakiweka chini ya maji. Maji yalitiririka mekundu kwenye mfereji, mbele ya ndoo za watu.

Mmoja akasema, "Bibi, hizo nguo za nani?"

"Za mwanangu."

"Yule mgonjwa? Si mkamwana wako yule?"

"Nimesema za mwanangu." Hakupandisha sauti wala hakuinua uso. "Kama unateka maji, teka. Kama hauteki, nipe hiyo sabuni yako."

Na yule mwanamke akampa sabuni.

Alivifua vyote, kimoja kimoja, akavianika kwenye kamba mbele ya nyumba, juani, vikapepea. Jioni alikaa pembeni ya kitanda changu akichambua mtama. Akasema, "Dada yake Magesa alikufa akijifungua. Damu ilikuwa inatoka, mimi nimesimama tu, sijui nifanye nini. Nilisimama mpaka akaisha." Akapeta mtama. "Sasa sisimami tena."

Habari ya bakuli hatukuizungumza, siku ile wala siku nyingine. Alikaa nami mpaka masika. Alilima kipande cha uwanja wa Mafuru akapanda mchicha na muhogo wa kuchuma kisamvu, akanilisha majani hayo mpaka nikawa nayakimbia nikiyaona.

Sijui ni siku gani shamba la damu liliamka. Hakukuwa na ishara. Chupa moja ilidumu muda mrefu kidogo kuliko iliyotangulia, na iliyofuata ikadumu zaidi. Nikapiga mswaki, nikatema, mate meupe. Nikagonga goti kwenye kitanda, nikangoja alama, haikuja. Siku moja daktari alitazama majibu, akayatazama tena, akaniambia, "Leo nenda nyumbani tu." Mafuru alikuwa amekuja na mtu wa kutoa damu, dereva mmoja wa lori kutoka sokoni. Yule dereva alionekana kusikitika kidogo, alikuwa ameshakula vizuri kujiandaa.

Wakati huo maduka ya Musoma yalikuwa yamejaa. Miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, ilikuwa imeingia, sabuni za kila rangi, mitumba imerundikwa chini pale Nyasho, watu wanainama wanachagua. Mama mkwe alinichagulia gauni la mikono mifupi. Nilikuwa sijavaa mikono mifupi tangu kambini.

Jeshi liliniachisha kwa sababu ya afya, nikahamia Nyamuswa kwa mume wangu. Uso ulirudi, ndevu ziliondoka vidonge vilipokwisha. Sauti haikurudi. Kanisani nilikuwa naimba sauti ya kwanza. Sasa niliposimama na wanawake nilikuwa nanguruma chini yao. Mwalimu wa kwaya alinisikiliza, akanishika bega, akanihamishia kwa wanaume, upande wa tena, ile sauti ya tatu, akasema walikuwa na upungufu. Ninaimba na wanaume mpaka leo.

Wewe unayeumwa, nikuambie machache ninayoyajua. Daktari akikuuliza kazi yako, usimjibu kwa neno moja. Mwambie mikono yako inashika nini. Kama kazi yako ina dawa inayonukia na kukulevya, usinawe nayo, hata kama kila mtu ananawa. Aibu ya mwili iseme mapema. Mimi nilificha vitambaa nikakaribia kufa navyo. Na mtu akikutenga, usifunge mlango kabisa. Wengine wanachelewa tu.

Nilikuwa nimeambiwa nisizae tena haraka. Tulisubiri miaka. Nilipopata mimba, daktari alikunja uso, lakini akasema kama tutafanya kwa uangalifu, sawa: nijifungulie hospitali, na damu iwe tayari kabla. Mafuru akaja mapema kwenye hospitali ya Bunda, akatoa damu, ikapimwa, ikawekwa kwenye friji ikiwa na jina langu. Siku hizo ilikuwa mfuko, si chupa.

Mtoto alizaliwa asubuhi, mvulana, mwenye mapafu ya muuza samaki. Mama mkwe alikuwa mlangoni, na sikumbuki kama alikaa hata kidogo. Nilingoja damu itoke isikatike, wote tulingoja. Ikatoka kama ya wanawake wengine, ikakatika.

Mchana nesi alikuja kitandani kwangu na kusita. Kulikuwa na mwanamke ameletwa kutoka vijijini, amejifungua njiani, anaisha. Ndugu zake hawajafika. Damu yake na ile iliyo na jina langu ni kundi moja. Daktari amesema mimi siihitaji tena, lakini wasingependa kuichukua bila kuniuliza.

Mafuru alikuwa ameketi kwenye kiti, amemshika mpwa wake kama anavyoshika kitu cha kuvunjika. Nilimtazama.

"Ichukueni," alisema kabla sijafungua mdomo.

Niliuona ule mfuko ukipita mbele ya kitanda changu, ukapelekwa kitanda cha mwisho karibu na dirisha. Niliutazama ukitundikwa. Mama mkwe alitoka mlangoni akaenda akasimama pale kando ya yule mwanamke, akamshika mguu kupitia shuka, akakaa naye mpaka mfuko ukaisha.

Kabla jua halijazama, Mafuru naye alikwenda. Niliwaona wakiongea kidogo, yeye ameinama. Aliporudi nikamuuliza, "Anaitwa nani?"

"Wakuru. Amepata mtoto wa kike." Akamchukua tena mwanangu mikononi. "Ameniuliza alipe nini. Nimemwambia akipata nguvu aje Nyasho, nimpe samaki ale arudishe damu."